Polisemia: "wear" na "sorry" zinapoingia Kijapani

Polisemia ni hali ya neno moja kuwa na maana kadhaa zinazohusiana. Kitenzi "piga" ni mfano tunaoishi nao: tunapiga simu, pasi, picha, mswaki na hata kilemba. Isichanganywe na homonimia, ambapo maneno yasiyo na undugu yamekutana kwa umbo tu, kama kaa wa baharini na kaa la moto.

Wingi wa maana peke yake haumsumbui mtafsiri. Kinachomsumbua ni lugha ya pili kutaka habari ambayo ile ya kwanza haikuitaja.

Chukua "wear". Kiingereza kinatosheka na kitenzi hicho kwa kila kitu, na Kiswahili kinakaribia hapo kwa "vaa", ingawa kanga tunajifunga na mtandio tunajitanda. Kijapani huuliza kwanza: kitu kinakaa wapi mwilini, na kinafikaje hapo? Shati, koti na kimono ni kiru. Suruali, sketi, soksi na viatu, yaani vinavyopitia miguuni, ni haku. Kofia ni kaburu, miwani ni kakeru, pete na glavu ni hameru, na tai ni shimeru, kitenzi chenye wazo la kukaza. Kwa hiyo sentensi ya Kiingereza kuhusu mzee aliyevaa kofia na miwani itahitaji vitenzi viwili. Ukitumia kiru kwa kofia utaeleweka, ila msikilizaji atajua papo hapo kwamba wewe ni mgeni wa lugha. Lipo pia chakuyō suru, linalobeba karibu vyote, lakini hilo ni la matangazo na kanuni, nyumbani halisemwi.

Na hapo bado kuna suala la wakati. Kiru ni tendo lenyewe la kuvaa. Aliye ndani ya nguo tayari huelezwa kwa kite iru. Mzungumzaji wa Kiingereza huhangaika nalo, kwa kuwa "is wearing" kwake inaonekana kama jambo linaloendelea. Sisi tunatofautisha "anavaa" na "amevaa" tangu utotoni, na kite iru kwa kawaida ni "amevaa".

"Sorry" ndiyo hatari zaidi, maana humo unaweza kumuudhi mtu. Afrika Mashariki tunaijua tofauti hii vizuri: mtu akijikwaa tunamwambia pole, hata kama hatukumsukuma, tukimkanyaga tunasema samahani. Kiingereza kinaweza kutumia neno hilohilo pande zote mbili. Kijapani kinatenganisha, tena kwa ngazi. Kwa rafiki au ndugu, gomen nasai inatosha. Kwa mtu usiyemzoea ni sumimasen. Kwa mteja uliyemkosea ni mōshiwake arimasen, ambayo kwa undani inasema sina la kujitetea. Msibani yote hayo hayafai, kwa sababu kumwambia mfiwa gomen nasai ni kumwomba radhi, kana kwamba una mkono katika kifo kile. Hapo husemwa goshūshō-sama desu.

Sumimasen nayo ina polisemia yake. Huombea radhi, humwita mhudumu hotelini, na hushukuru pale mtu anapojisumbua kwa ajili yako. Anayetafsiri kutoka Kijapani anakutana na shida ileile akitokea upande wa pili.

Kwenye "rice" Mswahili hapati taabu: mpunga, mchele na wali wana wenzao ine, kome na gohan. Cha kuongeza ni raisu tu, jina la wali unaoletwa kwenye sahani katika migahawa ya vyakula vya Kimagharibi.

Mifano hiyo yote muktadha unaitatua. "Brother" mara nyingine hautatuliwi. Kijapani hutofautisha ani, kaka mkubwa, na otōto, mdogo wa kiume, wakati hadithi ya Kiingereza inaweza kufika mwisho bila kutaja nani alizaliwa kwanza. Kuna kyōdai, neno linalowajumuisha wote, lakini kumwita hivyo ndugu mmoja mahususi huleta ukakasi. Mtafsiri makini husoma kitabu kizima akitafuta umri, humwandikia mwandishi kama yu hai, na akikosa vyote humtaja mhusika kwa jina lake.