Jina Halipatikani: Tunayoamini Kimakosa Kuhusu DNS ya Kompyuta

Kivinjari kikigoma kufungua tovuti, wa kwanza kulaumiwa ni intaneti: "imekata." Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike `ping 1.1.1.1`, yaani kubisha hodi kwenye seva ya umma kwa namba yake, bila jina. Majibu yakirudi, mtandao upo; kilichokwama huenda ni DNS, yaani kazi ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP, namba ambayo kompyuta hufikiana kwayo. (Kimya chake hakithibitishi lolote, maana mitandao mingine huzuia ping.)

Dhana inayokula muda wa watu kuliko zote, hata mafundi, ni hii: "nslookup imeleta anwani, basi kompyuta inaliona jina." Si lazima. nslookup na dig, amri za kuulizia anwani ya jina, huenda moja kwa moja kwa seva ya DNS, ilhali programu nyingi huuliza mfumo endeshi, wenye utaratibu wake. Kwenye Linux utaratibu huo umeandikwa katika `/etc/nsswitch.conf`, na kwa kawaida faili la `/etc/hosts`, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, hutangulia DNS. Mstari mmoja uliouandika humo ukifanya majaribio, kisha ukausahau, unatosha kukupeleka kwenye seva iliyozimwa zamani huku dig ikikuapia kwamba mambo ni shwari. Uliza kwa njia wanayopita programu: `getent ahosts` na jina kwenye Linux, `dscacheutil -q host -a name` na jina kwenye macOS. Kwenye Windows, ping yenyewe itakuonyesha anwani iliyopata. Majibu yakitofautiana na ya nslookup, umeshajua pa kuchimba.

Wengine huhariri `/etc/resolv.conf`, faili linalotaja seva za DNS za kuulizwa, wakadhani wamemaliza. Kwenye macOS programu nyingi hazilisomi kabisa. Ukweli uko kwenye `scutil --dns`. Kwenye Linux mara nyingi huandikwa upya na programu ya kusimamia mtandao. Ukikuta humo 127.0.0.53 usishtuke, si kirusi: ni systemd-resolved, huduma ya Linux inayopokea maswali ya DNS ndani ya kompyuta yenyewe, na `resolvectl status` itakutajia seva halisi.

"Nimeweka seva mbili, ya kwanza isipolijua jina, itaulizwa ya pili." Hili hata mimi nililiamini kwa muda mrefu. Seva ikijibu kwamba jina halipo, hilo ni jibu kamili, na utafutaji unaishia hapo. Ya pili huulizwa hasa pale ya kwanza inapokaa kimya; kwenye Linux nyingi subira hiyo ni sekunde 5. Ndiyo maana kuchanganya seva ya ndani ya ofisi na 8.8.8.8 (seva ya umma ya Google, isiyoyajua majina ya ofisi) huleta ugonjwa wa majina ya ndani kupatikana leo na kupotea kesho.

Na `ipconfig /flushdns`? Husafisha akiba ya Windows tu, yaani majibu ya DNS iliyoyahifadhi. Kivinjari kina akiba yake, na kikiwa kimewashwa DNS kupitia HTTPS (maswali ya DNS yanayosafirishwa kwa usimbaji, kama kurasa za wavuti) huuliza seva yake kikiiruka ya mfumo. Kwa hiyo jaribu kivinjari kingine kabla hujagusa ruta.