Kuhesabu Ndege wa Msitu wa Ngezi kwa Sikio

Mgeni anayeingia Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi mwa Pemba, hutarajia kuona ndege; mtafiti aliyeuzoea huingia akitarajia kuwasikia. Majani ya juu yamefungamana na mwanga wa chini ni hafifu, hivyo chozi, ndege mdogo anyonyaye maua, akiwa juu mtini hutambuliwa kwa sauti kabla hajaonekana, kama ataonekana.

Kwa sababu hiyo huhesabu kwa vituo. Mara kunapopambazuka mtafiti husimama mahali palipopangwa, hutulia dakika chache ili ndege walioshtuliwa na hatua zake warudie shughuli zao, kisha kwa dakika 10 huandika kila ndege aliyemwona au kumsikia pamoja na makadirio ya umbali wake. Umbali huo ni muhimu mno: ninga, yule njiwa wa kijani, anayekula matunda kimya huweza kupitwa akiwa karibu kabisa, ilhali mlio wa ndege mwingine hufika mbali, na asiyezingatia umbali atadhani wapiga kelele ndio wengi. Vituo navyo hupishana mita 200 au zaidi, ili ndege mmoja asihesabiwe mara mbili. Kuvipanga kando ya barabara itokayo Konde ni rahisi, lakini hesabu hiyo huwa ya ndege wa pembezoni, si ya msitu.

Pemba ina aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hata Unguja hawapo. Bahari iliposhuka zaidi ya mita 100 wakati wa enzi ya barafu, Unguja iliungana na bara, lakini mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya kisiwa hicho na bara, una kina kikubwa mno na kisiwa kikabaki peke yake.

Bundi huyo ndiye anayetusumbua zaidi. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuwa bundi akilia karibu na nyumba ni nuksi, kwa hiyo kumfuata gizani si kazi inayogombaniwa. Mlio wake ni "hu" fupi, na dume na jike huweza kujibizana. Asiyejua huandika madume wawili palipo na jozi moja. Tena huishi hata katika mashamba ya mikarafuu, hivyo vituo vya usiku havina budi kuvuka mpaka wa hifadhi, kwa idhini ya wenye mashamba.