Imani ndiyo huchagua ukuta: kutoka Kolo hadi Kilwa

Mara ya kwanza nilipopanda kilima cha Mungomi wa Kolo, penye michoro ya miambani huko Kondoa, katikati ya Tanzania, nilikuwa mwanafunzi mwenye kamera ya kuazima, na nilifanya kosa ambalo nikilikumbuka hadi leo naona haya. Michoro ilikuwa imefifia, jua la saa nne asubuhi lilikuwa kali, nami nikamwagia mwamba maji ya chupa ili rangi nyekundu ikolee. Ikakolea kweli. Mzee aliyetusindikiza hakunigombeza. Aliuliza tu: "Kijana, nani amekupa ruhusa ya kuumwagia?" Nikajibu kwamba tuna kibali, nikakitoa mfukoni. Akakitazama kidogo, akanirudishia. Nilikuwa nazungumzia ofisi. Yeye alikuwa anazungumzia wenye mahali.

Baadaye nilijifunza mambo mawili. La kwanza, maji hayo huharibu: yanaleta chumvi juu ya uso wa jiwe na kuimeza rangi polepole, na picha nyingi nzuri za zamani za michoro ya Kondoa zilipigwa kwa gharama hiyo. La pili, Mungomi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko. Watu wa jirani hupanda kuomba mvua na kuombea wagonjwa, na katika tambiko hunyunyiza pombe ya kienyeji kwenye mwamba. Nayo pia inaifuta michoro. Kwa hiyo mwamba ule unaoshwa na waumini na uliwahi kuoshwa na mtaalamu mtarajiwa, lakini ni mmoja tu kati yetu aliyejua anachokifanya.

Ninaandika haya kwa sababu wanafunzi huniuliza swali lile lile kila mwaka: dini iliathirije sanaa na majengo ya kale? Jibu la vitabuni huwa kwamba watu waliamini jambo fulani, kisha wakalichora au wakalijengea. Mimi nimefika mahali nikaona mpangilio ni kinyume. Imani huanza kwa kuchagua ukuta: hapa na si pale, upande huu na si ule. Picha na nakshi hufuata baadaye, na pengine zisifuate kabisa.

Kondoa inalionyesha hilo vizuri. Eneo lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006 lina mapango na vivuli vya miamba zaidi ya 150 vyenye michoro, kwenye miteremko inayoshuka kuelekea Bonde la Ufa. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akinakili michoro sehemu baada ya sehemu. Michoro myekundu, iliyochorwa kwa udongo wenye chuma, inahusishwa na wawindaji na wakusanyaji, watu wenye undugu na Wasandawe na Wahadza wa leo. Mingi yake ni myembamba na mizuri ajabu: twiga, pofu, tembo, na watu warefu kama wamevutwa, vichwa vyao vikubwa vikiwa na mistari kama nywele au kama kofia. Wengine wamepinda kiunoni. Wengine wamelala hewani.

Kwa miaka mingi watafiti waliona hapo habari za uwindaji na mitindo ya nywele. Kisha wengine wakawageukia Wasandawe wenyewe, wenye ngoma iitwayo simbo ambamo wachezaji hupandwa na kuwa simba. Mtu aliyepandwa huinama, hutetemeka, hujiona amerefuka au anaelea. Ukirudi mwambani na habari hiyo kichwani, wale watu waliovutwa huanza kueleweka. Sisemi kila twiga ni roho. Twiga wengine, kwa maoni yangu, ni twiga.

Lakini ushahidi ninaoupenda hauko ndani ya picha. Uko katika mahali ilipowekwa. Kolo kuna paneli ambapo mchoro umepandiana na mchoro, mguu wa mnyama ukikata kifua cha mtu, hadi jicho linachoka kutenganisha. Hatua chache pembeni kuna mwamba laini, mkavu, wenye kivuli kizuri, haujaguswa. Fundi anayetaka picha yake ionekane angehamia hapo. Hawa hawakuhama. Walitaka kugusa uso ule ule uliokwisha kuguswa, kwa sababu nguvu ilikuwa kwenye uso wenyewe. Kisha wakaja wakulima, na michoro yao myeupe, minene, mingi ikionekana kupakwa kwa kidole, ikaenda kukaa juu ya ile myekundu. Lugha nyingine, maisha mengine, pengine na mizimu mingine. Ukuta ni ule ule.

Sasa tushuke pwani, ambako wengi hudhani hadithi inaanza upya na Uislamu.

Makka iko karibu sawasawa kaskazini mwa pwani yetu. Kilwa na Makka zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja wa longitudo. Ndiyo maana kwa Mswahili wa zamani kibla lilikuwa neno la kaskazini pia, na bado utawasikia wazee wakisema "upande wa kibla" wanapoelekeza njia, bila sala yoyote kuwamo. Kwa mjenzi hii ilikuwa neema. Alihitaji kujua kaskazini tu, na mabaharia walikuwa wanaijua.

Hata hivyo mwelekeo huo haukupatikana kwa siku moja. Shanga, katika kisiwa cha Pate huko Kenya, mwanaakiolojia Mark Horton alifukua chini ya magofu ya msikiti wa Ijumaa miaka ya 1980 na kukuta misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, ile ya chini ikiwa ya miti na udongo. Wa mwanzo kabisa ni wa mwishoni mwa karne ya 8, kibanda kidogo tu, na haukuelekea kibla sawasawa. Waliofuata wakarekebisha. Nikiyatazama matundu ya nguzo katika michoro ya uchimbaji ule nawaona watu wanaobishana: jamani, tumekosea, geuzeni. Jengo zima likasogezwa kwa sababu ya mwelekeo, wakati hapakuwa na nakshi hata moja ya kuipamba imani hiyo. Jiwe lilikuja baadaye, na lilipokuja lilikaa pale pale.

Jiwe lenyewe lina siri yake. Matumbawe hai yakikatwa baharini huwa laini. Unaweza kuyachonga karibu kama mbao. Yakikauka hewani hukakamaa. Kwa hiyo fundi alikuwa na muda wake wa kazi, na kila alichotaka kiwe chembamba na chenye makali ilimbidi akichonge jiwe likiwa bado na unyevu. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Msikiti ulijengwa upya kwa sehemu kubwa karne ya 18, ukiuona kwa nje chini ya paa lake la bati utapita. Ingia ndani. Ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yaliyochongwa kwenye tumbawe, ncha za herufi zikichipua majani, na tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Niliwahi kukaa mbele ya maandishi hayo nikiwa na tochi niliyoilaza ubavuni, mwanga ukipita juu ya jiwe. Kuna mahali mkono wa mchongaji uliminyika: herufi zinabanana kuelekea mwisho wa mstari, kama mtu anayeandika barua na kuona karatasi inamwishia. Fahari yote ya jengo imewekwa kwenye ukuta mmoja. Kuta tatu nyingine ni kuta tu.

Na hapa ndipo imani na boriti zilipogombana. Dari za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko haikuruhusu nafasi kubwa. Vyumba vya mawe vya Waswahili kwa kawaida havikuzidi sana mita mbili na nusu kwa upana. Ukitaka ukumbi wa sala wa watu wengi, lazima uweke nguzo nyingi. Sehemu ya kaskazini ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ya karne ya 11 au 12, ilikuwa na nguzo tisa, tatu kwa tatu. Hesabu hiyo maana yake safu ya katikati inatazamana na mihirabu, kile kishubaka cha ukuta wa kibla anaposimama imamu. Ndivyo ilivyo Gede pia, mji wa magofu karibu na Malindi. Mahali patukufu kuliko pote msikitini, na mbele yake imesimama nguzo! Mwanafunzi wa usanifu majengo hulalamika mara moja. Lakini msikiti haukujengwa ili mihirabu itazamwe. Safu za waumini hujipanga kwa ukuta, bega kwa bega, na anayesimama nyuma ya nguzo hajapoteza kitu kwa sababu mwelekeo hauzibwi. Kanisa kuu la Chartres kule Ufaransa lingekufa kwa nguzo ya namna hiyo. Kilwa haikusumbuka.

Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, aliupanua msikiti huo upande wa kusini kwa kuba na matao. Msafiri Ibn Battuta alimkuta madarakani mwaka 1331. Sehemu hiyo ilibomoka, ikajengwa tena karne ya 15. Watalii hupiga picha matao. Mimi huwapeleka kwanza penye kutawadhia, kwa sababu kwenye misikiti ya kale ya pwani utakuta hapo mawe yamepachikwa sakafuni, mara nyingi matumbawe yenye mikunjo, ya kusugulia nyayo. Mengine yamelika katikati. Ni usanifu wa imani uliochongwa na miguu.

Gede ina jambo lingine ambalo wapenda mambo safi hawalipendi. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba huko kuanzia mwaka 1948, na miongoni mwa vitu alivyovieleza ni fingo: vyungu vilivyofukiwa karibu na milango vikiwa na dawa ndani, ili mwenye nia mbaya akivuka kizingiti apatwe na alichokitafuta. Na kwenye tao la mlango mmoja wa msikiti mkuu kuna mkuki wenye bapa pana uliochongwa. Mji wenye misikiti kadhaa, wenye vyombo vya China, na chini ya kizingiti kuna chungu. Hapo nasita kutumia maneno kama "mabaki ya upagani", maana aliyefukia chungu huenda alitoka kuswali alasiri. Alikuwa na ukuta wa kumwelekea Mungu na mlango wa kuwazuia wengine, na kila kimoja kikahitaji kazi yake.

Vile vyombo vya China navyo visipite bila neno. Kwenye Msikiti Mdogo wa Kuba wa Kilwa bakuli zilipachikwa kwenye dari, na kwenye makaburi ya nguzo, yaani yaliyosimamishiwa nguzo ya mawe, kuanzia Mambrui hadi Kunduchi, zilizungushwa nguzoni. Wengi husema ni kuonyesha utajiri. Utajiri upo, sikatai. Lakini tajiri anayetaka kuonekana huweka bakuli sebuleni. Haendi kuipachika kaburini ambako haitatumika tena kulia chakula. Ile ilikuwa bakuli iliyotolewa.

Zilizo nyingi zimeng'olewa. Zimebaki alama zake, vishimo vya mviringo kwenye chokaa, vyenye ukubwa wa kitako cha bakuli. Kwenye kaburi moja la namna hiyo, mwaka juzi, nilipanda ngazi kupima nyufa. Ndani ya kishimo cha chini kabisa, kile ambacho mtu hukifikia kwa mkono akisimama, kulikuwa na kipande cha ubani kilichoungua nusu. Nilikiandika kwenye daftari, nikakiacha hapo hapo.