Mitumba ilimkuta mgonjwa kitandani

Husemwa mitumba ndiyo iliyoua viwanda vya nguo Tanzania. Miaka yenyewe inakataa. Urafiki, kiwanda cha nguo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na wenzake walianza kusuasua kabla: mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri havipatikani, mashine zimelala. Biashara ililegezwa kuanzia 1984, ndipo mabelo ya mitumba yakamiminika. Yalimwongezea mgonjwa maumivu, sikatai. Ila khanga na vitenge havivaliwi vya mtumba, na bado vya India na China vimejaa Kariakoo, vipya kabisa. Na belo likifunguliwa pale soko la Karume, fundi cherehani hayuko mbali: anapunguza kiuno cha jinzi, mteja kasimama anasubiri.