Je, wajua mtu hupimwaje kama kweli anafuata mlo wa Mediterania?

Taarifa za utafiti wa lishe hazikosi kutuambia kwamba watu wazima walioshika vizuri mlo wa Mediterania walipungukiwa na maradhi ya moyo. Walioshika vizuri kwa kipimo gani? Hakuna mzani unaopima mazoea ya mtu mezani.

Mlo wenyewe ni ule wa kale wa nchi kama Ugiriki, Italia na Hispania: mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka, samaki, mafuta ya zeituni kwa wingi, nyama kidogo. Ulipata jina duniani baada ya utafiti ulioanzishwa mwaka 1958 na Mmarekani Ancel Keys katika nchi saba, ambapo wanaume wa kisiwa cha Krete walionekana kufa kwa nadra sana kwa ugonjwa wa moyo.

Aliyeugeuza mlo huo kuwa alama ni daktari wa Ugiriki, Antonia Trichopoulou, pamoja na wenzake, mwaka 1995. Toleo linalotumika sana ni la mwaka 2003, lililowahusisha Wagiriki 22,043. Kila mtu aliulizwa hula nini na mara ngapi, katika orodha ya vyakula na vinywaji vipatavyo 150. Kisha chukua mboga: wapange washiriki wote kuanzia anayekula kidogo hadi anayekula nyingi, umtazame aliye katikati. Aliyemfikia au kumzidi hupata 1, aliye chini yake hupata 0. Wanaume hupangwa peke yao, na wanawake peke yao. Kwa nyama na maziwa hesabu hugeuzwa, anayekula kidogo ndiye anayepata alama. Ukijumlisha alama za makundi yote ya vyakula, mtu hupata 0 hadi 9. Katika utafiti huo, kila alama 2 zilizoongezeka ziliendana na upungufu wa vifo wa takriban asilimia 25.

Hapo ndipo penye mtego, na wasomaji wengi huupita bila kuuona. Alama hizo ni kama nafasi ya mwanafunzi darasani: kushika namba ya tatu hakusemi lolote mpaka ujue darasa lenyewe likoje. Mahali ambapo karibu kila mtu hula mboga chache, ukiwazidi wenzako kidogo tu unapata 1 yako. Mgiriki wa kijijini anayekula mboga maradufu ya zako anaweza kuambulia 0, kwa kuwa majirani zake wanamzidi. Kwa hiyo 6 ya nchi moja si 6 ya nchi nyingine, na kuziweka bega kwa bega ni kujidanganya.

Watafiti wa Hispania, katika jaribio kubwa liitwalo PREDIMED, walipita njia nyingine. Wana maswali 14, na viwango havibadiliki hata wenzako wale nini. Je, unatumia vijiko vinne vikubwa vya mafuta ya zeituni au zaidi kwa siku, pamoja na yale ya kachumbari na ya chakula cha nje ya nyumbani? Samaki, mara tatu kwa wiki? Lipo hata swali la rojo ya nyanya, vitunguu na kitunguu saumu iliyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni: ukiila mara mbili kwa wiki, una alama. Dodoso hujazwa kwa dakika chache, nami naliona la haki zaidi, ingawa kwa mvinyo lina utata. Glasi 7 au zaidi kwa wiki huleta alama, ilhali mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama. Baadhi ya watafiti hulitoa swali hilo.

Na mtu akijipendelea katika majibu? Katika PREDIMED baadhi ya washiriki walipimwa mkojo, kutafuta hidroksitirosoli, kemikali inayotokana na mafuta ya zeituni, na damu, kutafuta asidi ya mafuta iliyomo kwa wingi kwenye kokwa za jozi (walnut). Lakini vipimo hivyo hugundua vyakula viwili tu. Kwa dengu, samaki na ile rojo, mtafiti hana budi kuamini anachoambiwa.