Claudia LaSalle na mkasi wa mhariri

Wapenzi wa anime, yaani katuni za Kijapani, wakijadili uwakilishi katika filamu ya Macross: Do You Remember Love? ya mwaka 1984, kwa kawaida huanza kuhesabu sura. Yupo nahodha Bruno J. Global, yupo rubani Roy Focker mwenye nywele za dhahabu, yupo mwimbaji Lynn Minmay mwenye damu ya Kichina na Kijapani, na yupo mwanamke mweusi, Claudia LaSalle, katika chumba cha kuongozea chombo cha anga cha kivita. Hesabu hiyo ni sahihi. Lakini mimi nahariri skripti za katuni, na kazi hii imenizoesha kupima muda. Nani anapewa dakika za kupenda, kukasirika na kuomboleza, na nani anaachiwa kusoma taarifa kwenye mitambo tu?

Mchoro wake unastahili sifa. Mchoraji Haruhiko Mikimoto alimpa Claudia uso wa mtu mzima, mzuri na mwenye akili, wakati ambapo wachoraji wengi wa Japan walikuwa bado wanamchora mtu mweusi kwa midomo iliyotiwa chumvi. Kitabu cha watoto Chibikuro Sambo, chenye michoro ya aina hiyo, kiliondolewa madukani huko mwaka 1988 tu, baada ya malalamiko.

Utu wake hasa ulijengwa katika mfululizo wa televisheni wa Macross wa sehemu 36, ulioanza Oktoba 1982. Humo Claudia na Roy ni wapenzi, na hakuna anayeshangaa kwamba mmoja ni mweusi na mwingine mweupe. Katika sehemu ya 18 Roy anarudi kutoka vitani akiwa amejeruhiwa, anaficha jeraha, anakaa nyumbani kwa Claudia na gitaa lake. Claudia yuko jikoni anamwandalia saladi ya nanasi. Anaendelea kuongea naye, na Roy anakata roho papo hapo. Mwandishi angeweza kumuua angani kwa mlipuko mkubwa. Alichagua nyumba ya Claudia, na kwa uamuzi huo msiba ukawa wake. Kisha katika sehemu ya 33, usiku wa mvua, anamsimulia Misa Hayase, afisa mwenzake, jinsi alivyompenda Roy, tangu siku ambazo hakuwa akimvumilia hata kidogo. Hapo kumbukumbu zake ndizo zinazobeba hadithi.

Filamu ina dakika 115. Wakurugenzi Noboru Ishiguro na Shoji Kawamori hawakuunganisha vipande vya zamani, walichora hadithi upya, na kiini chake kikawa mapenzi ya watu watatu: rubani Hikaru, Misa na Minmay. Kwa hiyo kifo cha Roy kilihamishiwa ndani ya chombo cha adui, mbali na Claudia. Masimulizi ya usiku wa mvua hayamo. Naielewa sababu ya kiufundi, kwa kuwa mhusika asiye kwenye pembetatu hupunguzwa kwanza. Ila ukiwaweka watu wa asili mbalimbali pembeni mwa hadithi tangu mwanzo, mkasi utawakuta wao kila mara, hata kama aliyeushika hana nia mbaya.

Linaloniuma zaidi ni kwamba filamu hii inafikiri kwa kina juu ya tofauti. Majitu ya Zentradi ni wanaume watupu, Meltrandi ni wanawake watupu, wamepigana kwa vizazi vingi, na wimbo wa mapenzi unawatikisa. Tofauti ya jinsia, ya ukubwa wa mwili, ya kuwa na utamaduni au kuukosa, yote inachunguzwa kupitia viumbe wa anga za mbali. Binadamu wa rangi zote wamo chombo kimoja kana kwamba jambo lao lilishamalizika. Hilo lina uzuri wake, nami nilipenda kuona Claudia akiheshimiwa kazini bila kutetewa na mtu. Nilitaka pia nimwone akilia kwa muda wa kutosha.

Mwaka 1985 Marekani iliunganisha mifululizo mitatu ya Kijapani isiyohusiana, ukiwemo wa Macross, na kuiita Robotech. Waandishi wake walibadilisha mengi yasiyohitaji kubadilishwa, lakini walimtazama Bowie Emerson, kijana mweusi wa mfululizo wa pili, wakamwita Bowie Grant, jina la ukoo walilompa Claudia pia, na kumfanya mtoto wa kaka yake Claudia. Kwa mabadiliko ya majina na mazungumzo, bila kuchora picha mpya, Claudia akapata ukoo.