Hakuna aliyeupima upepo wa Teton

Juzi nimetumiwa tena ile picha ya msitu uliolala kifudifudi, na chini yake maneno yale yale: "Tornado ya F4, upepo ulipimwa kilomita 400 kwa saa." Ulipimwa na nani, ndugu yangu? Kwa chombo gani? Tarehe 21 Julai 1987, kule Wyoming, Marekani, kwenye pori la Teton na kuingia Yellowstone, mashahidi walikuwa miti. F4, ngazi ya pili kutoka juu kati ya F0 hadi F5 za ukali wa tornado, ni hukumu ya mtu aliyekagua uharibifu. Kasi inakuja baadaye, kwa kukisia. Kwa kipimo cha zamani F4 ni kilomita 333 hadi 418 kwa saa. Hata huo upana wa makisio haukushtui?

Mengine niyapitie mbio. Haikuua mtu. Iliangusha miti kama milioni moja. Ilivuka mgongo wa milima unaogawa maji ya bara lile, kwenye mwinuko wa mita 3,000 hivi, kwa hiyo wale wa "tornado haipandi mlima" wasubiri, zamu yao inakuja. Na tafadhali, nasema tornado makusudi: mkonga wa hewa inayozunguka, kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Hidaya ya mwaka 2024 ilikuwa kimbunga cha baharini, mnyama mwingine kabisa.

Mkaguzi alikuwa Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, ndiye mwenye hiyo herufi F. Mwaka 1945, akiwa kijana, alikwenda Hiroshima na Nagasaki kukagua athari za mabomu, na jicho lile la kusoma vilivyoanguka halikumtoka tena. Teton aliisoma kwa picha za angani, mti kwa mti.

Sasa hapa ndipo watu wananichosha. "Miti ikilala upande mmoja ni upepo wa kawaida, ikilala ovyo ni tornado." Hapana! Tornado inazunguka huku inasafiri. Kule kaskazini mwa ikweta kwa kawaida inazunguka kinyume cha saa, kwa hiyo upande wa kulia wa njia yake mwendo na mzunguko vinajumlishwa, na miti inalala kuelekea mbele. Upande wa kushoto vinapunguzana. Tornado ikiwa na haraka, hata miti ya kushoto inaweza kulala mbele, nawe uliye chini utaapa kwamba ulikuwa upepo ulionyooka. Unachotafuta ni miti ya pande mbili kuelekeana katikati, kwa sababu tornado pia inavuta hewa kuja kwake. Hewa baridi inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi hufanya kinyume: inagonga ardhi na kutawanyika, miti inalala kama maji yaliyomwagwa sakafuni.

Teton ilikuwa na vyote viwili. Fujita alihesabu alama nne za mzunguko na maporomoko ya hewa 72 ndani ya eneo lile lile lenye urefu wa kilomita 39.2 na upana wa kilomita 2.5. Kwa hiyo unapoandika "tornado yenye upana wa kilomita mbili na nusu", umeichora mkonga ambao haukuwepo. Huo ni upana wa uharibifu wote.

Halafu kuna jambo linaloninyima raha hata mimi. Mti unaanguka mara moja. Ukishalala, haunyanyuki kushuhudia upepo wa sekunde kumi baadaye, ambao huenda ndio uliokuwa mkali zaidi na kutoka upande mwingine. Tunasoma dharuba iliyoutosha, si kubwa kuliko zote. Isitoshe, mti hauna nguvu moja ya kudumu. Udongo mwembamba, mvua, mizizi isiyokwenda chini: waulize watu wa Mufindi kama hawajaona msonobari umelala mizizi juu bila tornado yoyote.

Ndiyo maana kipimo kipya, EF, kilichoanza kutumika Marekani mwaka 2007, ni bahili kwa misitu. Msonobari uliochunwa magome na kubakizwa visiki vya matawi ndiyo hatua yake ya mwisho, na hata ukichukua kisio la juu kabisa, unaishia EF3. Je, Fujita alikosea? Sidhani. Alisoma umbo la uharibifu wote, siyo mti mmoja mmoja tu, na sijui mtu aliyekuwa na jicho kama lake. Lakini ningepewa mimi faili lile leo, kalamu ingesita sana kabla ya kuandika nne.

Na huwezi kurudi kukagua. Mwaka uliofuata, 1988, mioto mikubwa ya Yellowstone na maeneo jirani ilipita juu ya sehemu ya magogo yale. Zimebaki picha za Fujita, nami kila nikizitazama upande wa kushoto nabadilisha mawazo.